Chumvi za Usiku

Saa kumi na moja alfajiri narudi kutoka Nguba,
rungu kwapani, soksi zimelowa umande,
napanda ngazi za udongo za Kadutu nikihesabu:
mia na kumi na mbili. Jana zilikuwa mia na tisa.
Hizo tatu ni za usingizi.

Jikoni, chini ya meza, dende wetu kumi na mmoja
wamebanana kama viazi guniani.
Macho wazi. Hakuna anayetafuna.
Nsimire amekesha na daftari la biolojia
na taa ya simu; umeme ulikatika Jumanne.
Namwuliza: hawa wamelala, ama wananilinda?

Wamelala, baba. Tazama masikio.
Kisha, bila kuinua kalamu:
Ubongoni mwao mna maji ya chumvi,
yanapita kati ya seli kama mfereji kati ya nyumba.
Mnyama akiwa macho, potasiamu imejaa mferejini,
seli zinapigiana kelele, soko la Jumamosi.
Usingizi ukija potasiamu inashuka,
kalsiamu inapanda, magnesiamu inapanda,
vichochoro vinapanuka,
maji yanapita yakizoa taka za mchana.

Chumvi tu?

Na vingine. Usiniulize vingine, mtihani ni saa mbili.

Nakaa juu ya ndoo.
Mbwa wa bosi hukoroma langoni,
miguu yake ikikimbiza kitu nisichokiona,
na hakuna anayemkata mshahara.
Mimi, miaka tisa nalipwa nisilale.
Nilidhani usingizi ni mwizi, utaruka ukuta,
nikaugeuzia rungu na kahawa chungu.
Kumbe uko ndani, unakoleza chumvi polepole,
unaonja, unaongeza, kama mpishi wa sombe.

Mfereji wangu mimi ulizolewa lini?
Juzi nililitafuta jina la dada yangu wa mwisho,
nikalipata kesho yake, nikifungua lango.

Dende mwekundu, yule wa sikio lililochanika, anashtuka.
Sijamgusa. Hakuna sauti.
Namwambia Nsimire: huyu chumvi zake zimegeuka.
Hajibu.
Kalamu imesimama katikati ya neno,
magne,
na wino unatanuka pale ncha ilipolala.

Nazima taa ya simu.
Saa moja nitamwamsha.
Dende wameanza kulia wakitaka majani,
nami nawaambia, kwa sauti ya langoni:
nyamazeni, kuna mtu.