Tandiko la Darubini

Mustansirali aliileta imeviringishwa shuka ya hospitali.
Komeo lake, alisema, limebaki kituoni
kwenye kabati la afisa, ndiyo sharti.
Leseni akaitandaza juu ya benchi langu, Shimanzi,
akaigandamiza kwa nati ya inchi mbili isipeperuke.
"Yakhe, mato yangu yameota ukungu.
Nikitafuta kilengeo naona kope zangu.
Nitilie darubini."

Darubini mpya, ingali yanuka gundi ya boksi.
Bunduki, babu yake aliinunua
reli haijazoea njia yake.
Mti wa kitako umelika pale shavu linapolala,
mashavu matatu: la babu, la baba, lake.
Na juu ya chemba, taji dogo, na nambari
iliyogongwa kwa mkono, saba yake imeinama.

Fundi mwingine angekaza jiriwa, akashika keekee:
matundu manne, skrubu nne, njoo jioni uchukue.
Nimewahi kuwa fundi huyo.
Nilikuwa na miaka ishirini na mbili na keekee ya kwanza maishani,
nikatoboa bunduki ya mtu wa Voi, ncha ikapitiliza hadi ndani.
Hakunidai kitu. Aliitazama tu,
kama mtu aliyeng'olewa jino zima, bovu likaachwa.
Kipya kinyemi.

Basi hii sikuitoboa.
Kilengeo cha nyuma nilikisukuma kwa kijiti cha shaba,
kikatoka mferejini na uchafu mweusi wa miaka mia.
Humo, nikasema, humo humo patakaa tandiko.
Nililikereza kutoka bushi ya tagi iliyovunjwa Mbaraki.
Nikapaka masizi ya kibatari, nikalikalisha, nikaliinua:
palipoandika weusi, tupa ipite mara moja.
Masizi tena. Tupa. Chai. Masizi.
Siku ya tatu Mwanahalima aliniuliza, akinusa kanzu,
kama nimeajiriwa jikoni mwa watu.

Bila komeo, mtutu ni bomba la kuchungulia.
Tuliulaza juu ya mifuko ya mchanga, mlangoni,
nikatazama kwa nyuma mpaka kile kiduara cha mwanga
kikabeba nati moja nyeupe ya tangi la maji, ng'ambo ya reli.
Kisha vitufe vya darubini, robo, robo, nikapitiliza, nikarudi,
msalaba ukatua juu ya nati ileile.
"Njoo uone."

Alipiga goti kwa taabu. Shavu likajua pahala pake.
"Naiona. Naiona na kutu yake!"
Akacheka, akausogeza mtutu kidogo, aone na zaidi,
tangi, bati, paa la jirani,
ambapo mtoto alikuwa akinasua uzi wa tiara kwenye antena.
"Shati lake halina kifungo cha pili," akasema.
Halafu kimya.
Nikaziba kioo kwa kidole gumba.
Kumbe alikwisha fumba jicho.

"Itoe."

Pigo moja la nyundo ya mbao, tandiko likachomoka.
Kilengeo cha zamani kikarudi, mkwaruzo ukakutana na mkwaruzo.
Alinilipa zote, akakataa chenji, akasahau nati yake.
Tulipoizungushia shuka nilipitisha kidole juu ya chemba:
taji, nambari,
ile saba, bado imeinama.