Sheria Juu ya Sinki

Imefika leo kwa pikipiki, ndani ya bahasha ya kaunti,
kurasa kumi na nne, muhuri wa zambarau.
Khayanga wa maabara amezibandika mbili zinazotuhusu
juu ya sinki la wodi ya tano,
kwa plasta ya vidonda,
maana gundi iliisha Machi.

*Kila mhudumu atanawa mikono
kabla ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kumgusa.*
Nikafungua bomba. Likakohoa,
likatema kutu, kisha hewa.

Hapa Webuye karatasi tunaijua.
Baba aliipika kiwandani miaka kumi na minane,
akirudi nyumbani ananuka mayai viza,
na alinifunza: karatasi usianze kuisoma,
ielekeze kwenye mwanga kwanza.
Iliyo nyepesi itakuonyesha vidole vyako.

Nikabandua ukurasa wa pili, nikauelekeza dirishani.
Kifungu cha saba: kabati la dawa kali
lifungwe kwa funguo mbili, watu wawili, sahihi mbili.
Nyuma ya maandishi namwona mzee Mukanda, kitanda cha tisa,
mfupa wa paja umeliwa na saratani,
usiku ule ufunguo mmoja ulipokuwa nami
na wa pili ukiwa matangani Kimilili.
Alingoja hadi alfajiri. Hakulia.
Aliuma shuka. Shuka ile tunaitandika hadi leo,
matundu yakiwa upande wa miguuni.

Lakini namwona na Nelima,
aliyekuja na tumbo akaondoka na mtoto
na mshono uliofunguka siku ya nne, ukitoa usaha.
Wodi ilipigwa deki kwa dawa ya viini
iliyozimuliwa hadi ikawa maji matupu,
nusu yake ikiuzwa sokoni kwenye chupa za soda.
Tulijua sote, mimi nikiwemo.
Hapakuwa na daftari. Hapakuwa na kifungu
cha kumshikia mtu,
na sisi tulishukuru kimoyomoyo kwamba hakipo.

Kwa hiyo siichani.
Nimeurudisha ukurasa palepale, kwa plasta ileile,
nikaweka chini yake jerikani la maji ya mvua,
sabuni ya kipande, kikombe kisicho na mkono.
Kisha nikatoa kalamu,
nikaandika pembeni mwa kifungu cha kunawa:
*Maji yataletwa na nani?*
Tarehe. Sahihi. Jina langu lote.

Nilikandamiza mno. Karatasi ni nyepesi,
Baba angecheka.
Hata wakija kuibandua,
*nani* imeshaingia kwenye rangi ya ukuta.