Konishoni

Neno lenyewe ni tango dogo,
tango la kuloweka kwenye siki.
Kule Roubaix, enzi za viwanda vya sufu,
ukimwita mtu konishoni
umemwambia: kichwa maji.
Si tusi la kumwaga damu.
Ni la kumwaga supu.

Bi Huguette alimbandika mumewe Firmin
siku aliyopaka sakafu rangi kuanzia mlangoni,
akalala pembeni;
na kabla ya hapo, harusini,
alipomvisha pete shahidi.

Vijana wa leo hulicheka.
Wana makali zaidi.

Jana makaburini kapanga maua,
kafuta jina lake kwa leso, kanong'ona:
"Konishoni wee.
Umeniachia chupa nzima,
na aliyekuwa akifungua kifuniko
ni wewe."