Sekunde Arobaini

kwa Meja Bikombo Shaame, siku anayovua magwanda

Wamesoma wasifu wako kwa kipaza sauti kinachokoroma:
namba ya jeshi, tarehe ya kiapo, vituo vitano,
nishani mbili, moja ya utumishi mrefu,
moja ya tabia njema.
Tabia njema! Tukatazamana,
sisi uliotutoa darasani kwa kucha ndefu.

Hawakuusoma ule msimu mkubwa wa karafuu,
wachumaji wakianguka na matawi mkononi,
na yule wa Wingwi, paja limepinda pasipo na goti.
Gari la vifaa lilikuwa Chake, halina mafuta.
Ukaomba kanga, ukaichana vipande vitatu,
mwenye kanga akalia kumshinda mgonjwa.
Fito mbili, moja nje, moja ndani,
ukaunyoosha mguu wa mtu, naye anauma ukosi wa koti lako,
na sisi wanagenzi kumi na mmoja tumesimama
na madaftari, kama waalikwa walioshika sahani tupu.
"Andikeni," ulisema, "kisha yafungeni.
Mvunjika hasomewi. Hushikwa."

Skuli yako ilikuwa bohari kuukuu hapo Vitongoji.
Masika bati lilipiga kelele ukakosa sauti,
ukafundisha kwa vidole:
hapa mshipa, hapa bonyeza,
hapa usiguse, hapo mwombe Mungu tu.

Mwanasesere wa mazoezi hatukuletewa.
Ukashona gunia, ukalijaza usumba,
ukalipa cheo mwenyewe: Sajini Usumba.
Tulimkandamiza kifua mpaka mishono ikaachia,
tukampulizia pumzi zetu za muhogo na papa,
na akifa (maana alikufa kila Jumatatu)
hukutuacha tukapate chai.
Ulitukalisha chini tumwandikie mamaye barua.

Yangu ya kwanza ilikuwa mistari miwili.
Ilirudi na wino mwekundu pembeni:
*Huyu alikuwa na jina.*

Nimezika wangapi tangu hapo, Meja,
nimewaandikia mama wangapi, wa Kojani, wa Makangale,
wengine hawajui kusoma, nikaenda kuwasomea mwenyewe,
nikakaa mkekani hadi chai ikapoa.
Kitabu cha mafunzo kina kurasa mia tatu.
Hilo la mkekani halimo.

Leo, saa tano, jua limekaa utosini mwa gwaride,
mgeni rasmi yuko ukurasa wa nne wa hotuba,
mpiga buruji akayumba.
Buruji ilitangulia kufika kwenye saruji.

Ukatoka hatua mbili. Sote tuliona.
Wa kulia, wa kushoto.
Kisha ukasimama,
ukaipeleka mikono nyuma ya mgongo,
mmoja ukaukamata mwenziwe kwa nguvu
kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani.
Mikono ile! Miaka thelathini na mmoja
ilikuwa ikifika kabla yako.

Nikakimbia mimi.
Miguu yake juu, vifungo vya shingo wazi,
kofia yangu nikaifanya kipepeo.
"Jina lako nani?"
Midomo mikavu. Kimya.
"Jina lako, mwanangu?"
"Mbwana… Mbwana Hamad, afande."
Rangi ikamrudi usoni taratibu,
na mgeni rasmi akauendea ukurasa wa tano.

Baadaye ulinipita ukienda kurejesha ufunguo wa bohari,
zawadi yako, jiko la gesi, imebebwa na makuruta wawili.
Hukunipa mkono. Chozi sikuliona,
na kama lilikuwapo, ulilipa amri.
Ulitazama saa yako ya mkanda uliochoka:
"Sekunde arobaini.
Mwaka wa kwanza ningekufelisha."

Ukaenda hatua tatu, nne,
ukageuka nusu, kama aliyesahau kitu:
"Lakini jina umemuuliza."