Saa Nne Asubuhi, Mwanjelwa

Tangazo lilisema dunia itafungwa saa sita usiku.
Usiku wa kwao.
Gwamaka akahesabu kwa vidole, akarudia,
akasema: kwetu itakuwa saa nne asubuhi,
wakati wa chai.

Kwa hiyo Jumanne ile hatukwenda shule.
Tulijaa kwenye banda la shangazi Tusekile,
nyuma ya wauza mitumba,
masweta yamefungwa hadi kooni, ni Juni,
na shangazi, ambaye hajawahi kumsamehe mtu
hata shilingi mia ya nusu saa,
aligeuza kikopo cha hela mdomo chini.

Gemu yenyewe ilikuwa na jina refu la kigeni.
Sisi tuliiita Ng'ambo.
Kila kitu mle tulikipa jina upya:
mlima wa theluji ukawa Loleza,
mto wa bluu ukawa Nzovwe,
njia panda ya wezi tukaiita Kabwe
(wakazi wa Kabwe watusamehe).
Kando ya ziwa kulikuwa na kibanda
alichokijenga Ambwene kwa miezi mitano,
ubao kwa ubao, nusu saa kwa nusu saa,
kwa hela ya kubeba viazi Uyole.
Alikiezeka bati jekundu. Akataka migomba,
na walioiumba dunia ile hawakujua mgomba,
akachukua mmea wao wenye majani mapana,
akasema: huu ndio.

Asubuhi ile tulisimama kileleni, Loleza ya mle ndani.
Wakaja na wengine, wasio wetu,
majina yao kwa herufi tusizoweza kuzisoma.
Mmoja alikuwa na mkia wa mbweha.
Hakuna aliyemchomolea mwenzake upanga.
Huwezi kusema pole kwa kitufe cha kuruka,
lakini ndicho tulichokuwa nacho.
Yeye akaruka. Sisi tukaruka.
Nje muuza maziwa alipita akigonga kidumu chake.

Imeshindwa kuunganisha, kioo kikasema. Jaribu tena.

Tulijaribu tena.
Mpaka adhuhuri tulijaribu tena.
Gwamaka alisema ni bando.
Akaenda kununua bando.

Shangazi aliitoa diski, akaielekeza mwangani:
haina hata mkwaruzo.
"Nilinunua," akasema. "Risiti ninayo.
Elfu themanini na tano."
Akaipangusa kwa pindo la kitenge.
"Au nilikodi?"
Kukodi anakujua. Shamba la Ilembo amekodi,
na mwenye shamba, hata akilitaka,
husubiri kwanza uvune.

Ambwene alijibu taratibu, bila kumtazama:
"Tulinunua ufunguo tu, shangazi.
Nyumba ilikuwa kwao."

Kibanda chake hakikubomoka. Hilo ndilo linalonisumbua.
Kilichobomoka kina kifusi,
utaokota hata msumari.
Hakikuungua, hakikuuzwa, hakikuchukuliwa na maji.
Palichokuwepo, hapapo.
Na picha hatukupiga. Nani hupiga picha
ya mahali anaporudi kesho?

Julai ngano ya Ilembo ikaanza kuiva
na ndege wakashuka.
Shangazi akapitisha uzi wa katani
kwenye lile tundu la katikati,
akaining'iniza diski juu ya mti mrefu.
Sasa inaamia ndege.
Upepo ukija inazunguka,
kazi ileile iliyokuwa ikifanya mashineni,
na ndege, ambao hawajasoma tangazo lolote,
bado wanaiogopa.

Jumamosi moja nilimkuta Ambwene chini yake,
shingo nyuma, jicho moja amelifumba.
"Unatafuta nini?"
"Bati."

Nikasimama naye.
Ilichukua muda. Kisha ikageuka kidogo kushoto,
na kweli, pembeni kabisa,
palikuwa na wekundu,
upana wa ukucha,
halafu upepo.