Ushahidi wa Kusikia

Likizo, Tabata Kimanga. Umeme umekatika tangu saa tatu,
mashine ya mama imenyamaza,
nami nimeegemea magunia ya mahindi,
Sheria ya Ushahidi mapajani,
kurasa zimeingia unga.
Mtihani Jumatatu.

"Niulize," namwambia Zamda, wa darasa la tano.
Anafuata mstari kwa kidole:
"Ushahidi wa kusikia... haupokelewi."
Anainua macho.
"Kumbe shangazi aliposema
kasikia Baba atarudi Disemba,
nayo tusiipokee?"

Najua kuna vighairi.
Niliviandika juzi, pembezoni, kwa wino mwekundu.
Napangusa unga, natafuta.

Umeme huo! Mashine inanguruma,
wateja wanagombea foleni kwa ndoo,
na Zamda keshapanda mizani,
anajipima:
kilo ishirini na nane, na viatu.