Bajeti ya Mwili Wangu

Miaka miwili bima ilinichagulia mikono.
Jumatatu msichana wa Mbale, Alhamisi mwingine,
wote wapole, wote jicho moja kwenye saa,
wote wakitaka kunivua shati
mbele ya mkaza mwanangu.
Nikiuliza, naambiwa: ndivyo kampuni ilivyopanga.

Mwezi wa tatu karani akaja na daftari la kijani.
"Mzee Othieno, fungu ni lako.
Amua mwenyewe nani akuhudumie, na kwa shilingi ngapi.
Stakabadhi tu, usizipoteze."
Nikacheka kwa upande mmoja wa uso,
ule ambao bado unanitii.
Nilifunga mifuko ya saruji miaka ishirini na sita
chini ya mwamba wa Tororo,
sikuwahi kupewa hela
bila kuambiwa kwanza zimeshakatwa za nini.

Nikaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zikipepesuka:
Kuogeshwa: Opendi, kijana muosha pikipiki.
Hana cheti. Ana mikono isiyo na haraka,
na ni mwanamume;
mkaza mwana hamwogeshi baba mkwe,
jambo ambalo hakuna fomu iliyowahi kuniuliza.
Uji, vidonge, kuamka nikikohoa: Nyachwo.
Njia ya kiti cha magurudumu: saruji, mifuko mitatu.
Vipimo nilitoa mimi, nimekaa mlangoni nafoka,
mchanga umezidi! punguza maji!
Siku hiyo sikuwa mgonjwa.

"Betri za redio si huduma," karani akazikata kwa wino mwekundu.
Nikamwambia, njoo ulale hapa,
saa nane za usiku, bati likilia kwa baridi,
halafu uzikate tena.
Akatafuta safu ya jambo hilo. Haikuwepo.
Akaziacha.

Nyachwo nilidhani atapiga magoti kushukuru.
Aliisoma ile karatasi mara mbili, akasema:
"Baba, kama hii ni kazi, basi ina Jumapili."
Miaka mitatu alinilisha bure,
tukamwambia mapenzi hayana kalenda,
sisi tusioamka usiku.
Nikatia sahihi.

Jumapili ya kwanza akavaa gauni la bluu, akaenda nisikokujua.
Opendi akachelewa.
Uji ukapoa mezani, hatua nne kutoka kitini.
Nikakaa nimelowa hadi saa sita,
mwajiri, mwenye fungu, bosi,
nina hasira na sina wa kumfokea
maana wote niliwachagua mimi.

Jioni akarudi na vumbi miguuni, anacheka peke yake.
"Umeshindaje, baba?"
"Salama," nikadanganya.

Alipolala nikafungua daftari, ukurasa wa mwezi wa nne:
Jumapili asubuhi, atafutwe mtu wa pili.
Bei, tutapatana.